Feni Haijaitwa

Kamwene, Fundi Lugano.
Julai ya Mafinga imenibana vidole kama koleo,
umande umeganda, majani yanalia chini ya buti,
na bado pikipiki hii ya magurudumu manne
inachemka
kama maharage yaliyosahaulika jikoni.

Imeshushwa kwenye lori la magogo, imepoa sasa.
Lugano akavua glovu moja tu.
"Feni?"
"Haiwaki."
"Tangu lini?"
"Tangu jana, doria ya moto, kule kwenye paini changa."

Akaanza na fyuzi, kwa kuwa ni ya bei ndogo;
watu, alisema, hununua feni mpya
kabla hawajafungua kiboksi.
Akaichomoa, akaiinua kwenye mwanga:
uzi wake mzima, mwembamba kama unyusi wa mtoto.
Akairudisha.

Rilei ya feni akaihamishia kwenye taa.
Taa zikawaka.
Rilei ya taa akaihamishia kwenye feni.
Kimya.

Kisha nyaya mbili, toka feni moja kwa moja hadi betri,
na vuuuu!
nikatupiwa usoni sindano za paini, vumbi,
na bawa la mdudu nisiyemjua.
"Nzima hii," akasema. "Haijaitwa tu."

Haijaitwa.
Mwaka wa tatu huu nalala kambini kwa mkataba wa miezi sita sita,
simu yangu imechajiwa usiku na mchana.
Sikumwambia. Nikajifuta uso.

Vidole vyake vikafuata waya kama vinasoma gizani
hadi kwenye sensa;
si ile ya kuhesabu watu, hii huhesabu joto,
njugu ya shaba iliyozama shingoni mwa injini.
Akachomoa plagi, akaunganisha matundu kwa kipande cha waya.
Feni ikazunguka.

"Basi ni sensa!" nikadakia,
tayari napiga hesabu: nauli ya Iringa, kwenda, kurudi,
na uso wa msimamizi nikimpelekea risiti.
"Una haraka kama panzi," akasema. "Ngoja."

Akaifungua sensa. Nilitega bakuli.
Hayakutoka maji.
Ilitoka pumzi, fupi,
kama mtu aliyekuwa amekaza mdomo siku nzima.

Sensa akaichovya kwenye sufuria, juu ya mkaa,
mita mkononi. Maji yakatokota.
Tiii, ikasema mita.
Nzima nayo.

Ndipo akainama juu ya rejeta, akanusa.
"Nani aliongeza maji?"

Nikaangalia buti zangu.
Ilikuwa hivi, fundi: niliona moshi ng'ambo,
mashine imeinama mteremkoni, mimi na dumu langu kijitoni,
nikamimina, nikafunga, nikaondoka.
Moshi wenyewe ulikuwa wa mama anayechoma mabua.

"Na dumu lilikuwa la nini?"
"La ulanzi. Lakini tangu Machi, na nililisuuza."

Alicheka mpaka akakalia tairi.
"Umeifungia hewa ndani. Sensa imekaa kwenye kiputo.
Maji yanaungua pembeni yake,
yenyewe haijaguswa. Ingejuaje?"

Tukainua pua ya mashine juu ya gogo.
Kulanti kidogo kidogo, mfuniko wazi, injini ikinguruma taratibu;
yeye anaminya mpira, mimi nashika kurunzi,
viputo vinapanda, blo, blo,
kimoja kikubwa, kisha vidogo,
kisha vya kusitasita.
Akafunga. Tukangoja.
Hakuna aliyesema neno. Lori lilipita na magogo yake, likaisha.

Feni ikawaka yenyewe.

Ikatema hewa ya moto,
na sote wawili, bila kuambiana,
tukanyoosha mikono mbele yake,
viganja wazi, kama kwenye jiko la nyumbani.

"Elfu kumi na tano," akasema, macho kafumba.
"Na hilo dumu unaliacha hapa."